Neno Lililokula Mkate Wake

Haya, niambieni nyinyi mnaojua kila kitu: neno hutoka wapi? Msiniambie mdomoni. Mdomoni ni mlangoni tu, na mlango si kwao mtu. Katika Mji ninaousimulia mimi, Mji ambao jua lake lilisimama alasiri likagoma kushuka, kila neno lilikuwa na nyumba yake, na vyumba vya nyuma kabisa, vile visivyofagiliwa, ndimo walimolala wazee wa neno hilo. Maneno ya wenyeji yalikaa mitaa ya kati, nyumba kubwa kubwa zenye baraza. Maneno yaliyokuja na wageni yalikaa mwisho wa mji, na wageni walipoondoka baadhi waliyaacha pale pale, kama mtu anavyosahau koti msumarini. Moja lilikuwa la Kiingereza, neno fupi, chumba kimoja na mlango mmoja. Lilikuwa neno Lodi.

Na koti lililoachwa, jamani, halikosi wa kulivaa. Alitokea mtu akalivaa. Kabla ya hapo alikuwa nani? Hakuna aliyekumbuka, na waliokumbuka walijifunza kusahau. Akaitwa Lodi. Akafa, au hakufa. Akalivaa mwanawe, au akalivaa mwenyewe tena. Maana kama jua halishuki, utaisema vipi kesho? Uso wake ukiutazama kwa mbele ni wa kijana, ukiutazama kwa ubavu ni wa mzee, na ukiutazama sana hutatazama tena kitu kingine. Yeye ndiye aliyeshika ghala la unga na matanuri yote. Harufu ya mkate ilitoka jumbani mwake ikazunguka mitaani mchana kutwa, na mchana wenyewe hauishi, na watu walikaa barazani wakiila harufu hiyo kwa pua. Njaa mwana malegeza. Hata ugomvi ulikwisha Mjini, kwa sababu ugomvi nao unataka nguvu.

Sasa sikieni mila yao, maana bila hiyo hamtaelewa woga wa watu hawa. Mjini mtu hakai kitini, haozwi wala hazikwi mpaka nasaba yake isomwe hadharani, kuumeni na kuukeni. Ikishasomwa, mwenyewe hushika kazi ya babu yake wa mwanzo mbele ya watu. Mjukuu wa mfinyanzi atafinya udongo, mjukuu wa mhunzi atagonga chuma. Msellem, msomaji nasaba, ambaye ndiye mtu wetu katika hadithi hii, siku ya harusi yake nasaba ilimfikisha kwa mchimba makaburi. Akapewa jembe akiwa na kanzu yake nyeupe, akachimba kidogo pembeni ya jamvi, na wageni wakacheka mpaka biharusi naye, Mize, akacheka ndani ya mtandio. Walicheka, lakini hakuna aliyethubutu kukaa pale palipochimbwa. Kazi ya babu si mchezo. Ikishatajwa, itafanywa.

Lodi alipotaka kukaa kitini upya alisema, "Nasaba yangu mimi haiwahusu. Isomwe nasaba ya jina langu. Mimi ni jina langu."

Akaitwa Maalim Vuai. Vuai alikuwa mtu wa kupenda kupendeza. Akasimama akasema babu wa neno Lodi alikuwa simba. Watu wakapiga vigelegele. Kisha Lodi akashika kazi ya babu yake. Kilemba cha Maalim Vuai kilirudishwa kwa mjane wake kikiwa kimekunjwa vizuri. Akaitwa Maalim Songoro. Huyu aliona mbali zaidi, akamkwepa mnyama, akasema babu wa neno alikuwa radi. Mtaa wa Songoro hamtauona leo. Kuna majivu, na kuna paka mmoja anayeita watu waliokuwa wakimlisha.

Kwa hiyo Bwana Shamte, mshika bakora wa jumba, alipopiga hodi kwa Msellem na kusema, "Mzee Msellem, Lodi anakusalimu," Msellem aliyajibu maamkizi, kisha akakaa chini bila kukusudia.

"Mimi nimeshazeeka, Bwana Shamte. Wapo vijana."

"Vijana wamekimbia." Shamte alitazama nyuma, akainama, na sauti yake ya jumbani ikamtoka, akabaki na sauti ya mtu tu. "Mzee wangu, nakuomba. Nina watoto mimi. Chagua kitu kidogo. Sema babu yake alikuwa kuku."

"Kuku hudonoa, Bwana Shamte."

"Maji basi."

"Maji huzamisha."

"Ua! Sema ua!"

Msellem akatikisa kichwa. Ua lina mizizi, na mizizi hula waliomo chini, akina babu zake wote waliozikwa. Alijaribu uongo mmoja baada ya mwingine, na kila alioushika ulikuwa na meno. Ndivyo uongo ulivyo mbele ya mwenye nguvu. Unamtungia sifa, yeye anaigeuza amri. Unamwambia wewe ni jua, na kweli anakuunguza. Vuai na Songoro waliogopa, nao woga ukawafundisha kusifu, na sifa zikawala. Nani basi aliyemzaa mwenzake, woga au Lodi? Msellem alikaa na swali hilo mpaka Shamte akaondoka zake, na bakora ikisikika inagonga kwa mbali, ko, ko, ko.

Mize alirudi kutoka jumbani akiwa amefungia mikono ndani ya kanga. Yeye alikuwa mkandaji wa mikate ya Lodi. Kila alipotoka, langoni walimwosha mikono, na maji yale yenye unga walipewa kuku wa jumba. Kisha walimkwangua chini ya kucha kwa kijiti, asije akatoka na chochote. Siku hiyo, kama ilikuwa siku, walimkwangua mpaka damu. Binti yao Asumini, mdogo, miguu myembamba kama ya korongo, alimjia mama yake kama kawaida yake akavinusa vile vidole kimoja kimoja. Msellem aliona, akageuza uso.

"Baba Asumini," Mize alisema, "nimesikia. Utasema nini?"

"Sijui. Wallahi sijui, mke wangu. Naogopa."

"Kuogopa waogopa, hilo naliona, umeshika kiatu badala ya kikombe. Nauliza utasema nini."

"Kweli siijui. Na uongo umekwisha."

"Basi nenda kaliulize neno lenyewe nyumbani mwake."

"Aliyeingia nyumba za maneno ya wageni hatoki na jina lake. Ataingia Msellem, atatoka mtu."

"Nitakaa mlangoni," Mize alisema, "nitakuita."

Wakaenda. Mnadhani alikwenda kwa ushujaa? Ushujaa gani! Alikwenda kwa sababu mkewe alimtangulia, naye aliona haya kubaki barazani peke yake. Mwisho wa mji ile nyumba ilisimama, ndogo, fupi, mlango mmoja. Msomaji nasaba huingia nyumba ya neno kinyumenyume, kwa adabu, asije akawakazia macho wazee kabla hawajamruhusu. Kwa hiyo alimtazama Mize akipungua, mlango ukipungua, na nyuma yake hakuona kitu. Aliyewahi kwenda kinyumenyume gizani anajua kwamba kisogo nacho kina macho, nayo huona mabaya tu.

Chumba cha kwanza kilikuwa na mazulia na nishani, na sauti nyororo zikisema Lodi, Lodi, Lodi, kama watu wanaolamba kijiko. Chumba cha pili kilinuka farasi na chuma, na humo akakanyaga kitu laini. Makubadhi ya Vuai. Kando yake, makubadhi ya Songoro. Hapa ndipo walipogeuka. Walisikia mapanga yakigongana, roho zikawaruka, wakatoka mbio peku wakaenda kutunga simba na radi. Msellem naye alitaka kugeuka. Mwili wote ulitaka. Lakini alipokumbuka pua ya mtoto kwenye vidole vya mama yake, mguu wenyewe ulirudi nyuma hatua nyingine.

Baada ya hapo nyumba ikaanza kukua. Kuta zilizobomolewa zamani zilisimama tena. Neno lililokuwa fupi lilijinyoosha, kama kikongwe anayenyoosha mgongo, likarudishiwa sauti zake zilizokatwa, likawa refu, zito, la kooni. Na kadiri lilivyorefuka ndivyo jina lake yeye lilivyopungua. Alikuwa nani? Mtu wa nasaba. Nasaba ya nani? Alikuwa na mke. Ana mke. Kuna mwanamke mlangoni. Mlango wa nini? Baridi. Baridi isiyo ya kwao, baridi yenye moshi wa kuni mbichi. Usianguke. Nani asianguke? Pumzi ilimgusa shingoni. Kuna mtu nyuma yangu. Mimi, mimi nani? Kuna mtu nyuma ya mtu.

"Nani huyo anayekuja kisogo mbele?" sauti ilisema.

"Sikumbuki," alisema yule aliyekuwa Msellem.

"Basi geuka. Tuko sawa."

Akageuka huku amefumba macho, akingoja simba. Akafumbua. Lilikuwa banda refu lenye moto katikati. Mzee aliyekondeana, mbavu nje, amekaa kando ya kasha la mbao akiwa na fimbo. Nyuma yake mwanamke mwenye unga mpaka viwikoni anakanda donge, hainui kichwa. Na kuzunguka moto, watu wamekaa chini, wengi, mwisho wao hauonekani, wanatafuna.

"Simba yuko wapi?"

"Simba gani? Hapa kuna panya tu, na hao ndio ninaowachapa." Mzee alicheka, akakohoa. "Jina langu lilikuwa majina mawili yaliyooana. Moja mkate, moja mlinzi. Mlinzi-mkate, ndivyo walivyoniita. Wakaniita kwa haraka, miaka na miaka, kila mmoja akimeza kidogo, mpaka mlinzi akasagika na mkate ukaliwa humo humo ndani ya jina. Lililobaki ni ganda. Nasikia huko kwenu kuna mtu amelivaa."

"Na langu wamelikata vilevile," alisema mwanamke. "Nilikuwa Mkanda-mkate. Siku hizi eti Ledi, bibi wa Lodi, mikono haina hata chembe ya unga."

"Na wale?"

"Wale ni Walaji-mkate. Ndilo jina lao, nao walijivunia."

Mgeni akautazama mkono wa mzee, mifupa mitupu juu ya kasha lililojaa. "Mbona wewe una njaa, na mkate umeukalia ubavuni?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Mlinzi hula mwisho. Akila mwanzo, analinda nini?"

Ndipo woga ulipomshika hasa. Simba angemtisha kidogo. Kumbe nyuma ya mapanga yale yote, nyuma ya nishani, kuna mkate. Tu. Mkate na mwanamume mwenye njaa aliyekubali kungoja. Kitu kidogo namna hii! Na nikakiseme kwa Lodi? Nimwambie Lodi angoje? Afadhali radi. Nyinyi wenye akili mtasema kweli ni nyepesi. Jaribuni kuibeba mbele ya mtu mwenye askari.

Hapo sauti ikaja kutoka mbali, imechoka, imekwaruka kama iliyokwisha kuita mara nyingi: "Baba Asumini! Baba Asumini wee!"

Hakujua baba huyo ni nani. Lakini Asumini alimjua. Lile jina la mtoto alilishika kama mtu anavyoshika kamba kisimani, na jina lake mwenyewe likaja nyuma yake, akaifuata sauti mpaka nje.

Uwanjani watu walikuwa wameshajaa. Lodi alikuwa amesimama mbele ya kiti chake kitupu, kijana kwa mbele, mzee kwa ubavu. Kando ya kiti, kama desturi ya jumba, liliwekwa kasha kubwa la boflo zilizotoka tanurini sasa hivi, ili watu wamwone akifungua kinywa baada ya kukaa. Mize alikuwa nyuma ya kasha pamoja na wakandaji wenzake. Asumini alikuwa mbele kabisa kwa watoto. Msellem aliomba asimwone, akamwona.

"Soma," alisema Lodi.

Msellem akasogea mbele. Alisoma kama alivyofundishwa, jina juu ya jina, akirudi nyuma: "Lodi bin Lovadi. Lovadi bin Lafodi. Lafodi bin Hlafwadi." Majina yalivyozidi kuwa mazito, watu walirudi nyuma kidogo, wale wa mtaa jirani na majivu zaidi ya wengine. "Na Hlafwadi, babu wa mwanzo, hakuwa simba wala radi. Alikuwa..." Akamwona Lodi amemwelekezea sikio. "Alikuwa mlinzi wa mkate."

Akaishia hapo. Nusu ya pili ilikuwa ulimini, mlinzi hula mwisho, maneno matatu tu, nayo yalikataa kutoka. Kisha Lodi akacheka, kicheko kizuri hasa, cha mtu aliyepewa zawadi.

"Mlinzi! Mmesikia? Na nyinyi mnaonung'unika kwamba Lodi amefunga ghala. Kumbe tangu jadi ndiyo kazi yetu. Leteni fimbo."

Akapewa fimbo. Akaenda akakaa juu ya kasha, akafungua mapaja, akaishika fimbo kwa mikono miwili. "Mkate utalindwa. Atakayeusogelea, kwa nasaba hii, ni mwizi."

Msellem alipumua. Naam, alipumua, na msimwonee. Pumzi ilitoka yenyewe kwa kuona kwamba anaishi. Shamte naye alipumua. Wakatazamana, wakaangalia chini. Amesema kweli na hakuna aliyekufa. Hakuna aliyekufa leo. Kisha akamwona Asumini akiitazama harufu ya mkate ikipanda katikati ya miguu ya Lodi, akaelewa kwamba amemrithisha mtu yule njaa yote ya Mji, safari hii kwa haki.

"Kuukeni je?"

Sauti ya mwanamke. Imekwaruka.

"Nani huyo?" alisema Lodi.

"Nauliza kuukeni," alisema Mize. "Mwenye upande mmoja ni mwana wa haramu. Jina la Lodi lina mama au halina?"

Hapo hata askari waligeuza vichwa. Mila ni mila. Lodi hakumtazama Mize, alimtazama Msellem, na kwa mara ya kwanza nyuso zake mbili zilikuwa moja. "Msomaji," alisema polepole, "ulikuwa umemaliza, sivyo?"

Ndiyo, Mtukufu. Hayo tu. Maneno mawili na arudi barazani. Nimemaliza. Sijamaliza. Nani atakayejua? Yule mzee. Yule mzee amekufa kabla ya mji huu kuwa mji. Mize atajua. Mkojo ulimponyoka kidogo ndani ya kanzu, akausikia ukishuka kwa joto, na ajabu ni kwamba baada ya hapo hakikubaki kitu cha kuonea haya. Mwacha asili ni mtumwa, akajisemea, na mimi nimeiuza asili ya mtu mwingine.

"Sikumaliza," alisema. "Kuukeni ni Mkanda-mkate. Yeye hukanda, yeye hugawa. Na watu waliowazunguka hao wawili waliitwa Walaji-mkate, ndilo jina lao, na mkate ulikuwa wao. Mlinzi alichapa panya. Mlinzi, Mtukufu, alikula mwisho."

Hakuna aliyesogea. Kisha bibi mmoja kizee, hata jina lake silijui, akakusanya kanga yake, akakaa chini vumbini, akakunja miguu, akakunjua viganja, kama mtu aliyeitwa chakulani. Akakaa mwingine. Wakakaa watoto. Uwanja mzima ukashuka, na mwisho wa mji, kutoka mlango wa ile nyumba ndogo, walianza kutoka watu waliovaa ngozi, na moshi nywelani, nao wakaja wakakaa. Askari mmoja alikaa. Akakaa wa pili. Bwana Shamte akalaza bakora yake chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akakaa.

Lodi peke yake ndiye aliyekuwa juu, juu ya kasha.

Mize alimwendea. "Inuka, baba," alisema, "umekalia chakula."

Na Lodi akainuka. Msiniulize kwa nini. Huenda na yeye, kabla ya koti, alikuwa mtoto wa mtu, akapigwa kofi la paja kwa kukalia sinia. Aliinuka, fimbo mkononi, na Mize akafungua, akamega, akagawa. Walikula kimya. Hakuna aliyeshangilia, maana macho yote yalikuwa kwenye ile fimbo. Msellem alimega akampa Asumini, akampa aliye nyuma yake, akampa aliye nyuma ya huyo, na kila alipoinua kichwa mstari ulikuwa mrefu zaidi. Walio hai wanakaa, waliokufa wanakaa, na wengine hawajazaliwa bado na wameshakunjua viganja.

Lodi aliutafuta mwisho wa mstari kwa macho. Hakuuona. Msellem aliuona woga ukimwingia, ule ule, aliujua kama mtu anavyojua mbuzi wake zizini kwa jirani. Tumbo la Lodi likanguruma, na watu wa mbele wakalisikia. Akanyoosha mkono ndani ya kasha.

Mize akamshika kifundo cha mkono.

"Ngoja," alimwambia. "Watoto hawajala."

Mji mzima ukaacha kutafuna. Mkono ulibaki pale, juu ya mkate, haushiki wala haurudi, na ule mwingine ukaikaza fimbo.